Mkufu wa Chumba cha Tatu

Saa nane na dakika kumi na moja usiku, Igogo,
kompresa ya chumba cha tatu ilikohoa, ikanyamaza.
Tani sita za minofu ya sangara
zikaanza kulikumbuka ziwa.
Kipimajoto hakijui mkubwa wala mdogo, kiliandika:
hasi kumi na nane. Hasi kumi na moja. Hasi nne.
Alfajiri, sifuri.

Hasi kumi na nane, usiku kucha:
ndivyo seva ilivyoniambia nilipofika na begi la ukaguzi,
mstari umenyooka kama shuka la hospitali.
Kwenye jalada, barua moja.
Fundi wa zamu, Bulugu Ng'wandu, aliacha mlango wazi asubuhi,
samaki wakaharibika, aondoke.
Chini, sahihi ya meneja, na muhuri.

Muhuri ninaoujua mimi hauna wino.
Kila saa mfumo hukusanya kumbukumbu zake,
huzifunga katika bloku moja, huzikamua
hadi zitoe herufi na tarakimu sitini na nne;
tone hilo hukandwa ndani ya bloku ya saa inayofuata,
nayo ndani ya inayofuata.
Kisha nakala huvuka maji:
Bukoba, Musoma, na Nansio katika ofisi ya ushirika,
mashine ndogo juu ya friji la soda,
inakula umeme wa taa moja, haina rafiki Mwanza.

Mwanza hii hii, shule ya msingi, Nyakato,
Mwalimu Kwandu alitufundisha mkufu:
neno lililofunga ubeti ndilo lifungue unaofuata.
"Mkiuchezea ubeti wa katikati," alisema, chaki sikioni,
"shairi litachechemea, hata kiziwi atageuka."
Nilikuwa na miaka kumi na miwili.
Nilidhani anazungumzia ushairi.

Ushairi, basi. Nikaomba muhuri wa saa kumi na moja alfajiri.
Igogo ikatoa wake.
Bukoba ikatoa mwingine. Musoma, kama Bukoba.
Nansio umeme ulikuwa umekatika; nikanywa chai mbili;
uliporudi, kama Bukoba.
Katika nakala zile sifuri ilikuwa imekaa mahali pake,
na juu yake kitu ambacho sikukitafuta:
kitufe cha dharura, kimebonyezwa saa nane na dakika kumi na tatu,
saa nane na arobaini, saa tisa na tano.
Kadi ya Bulugu, mara zote tatu.
Aliyetakiwa kuitika hakuitika.

Hakuitika pia meneja Rwechungura nilipomsomea.
Alitazama dirishani: kongoti wawili
wanagombea utumbo kwenye paa la kibanda cha jenereta.
"Huenda hizo za ng'ambo ndizo zimekosea."
Zote tatu, mzee? Kosa lilelile, hadi herufi ya sitini na nne?
Akaomba niandike taratibu.

Taratibu, na mimi sitausifu mnyororo kupita kiasi.
Haujui ukweli.
Kipimajoto kingedanganya tangu mwanzo,
ungeutunza uongo ule kwa uaminifu uleule,
kama mbwa anayelinda nyumba ya mwizi.
Unajua jambo moja tu:
neno hili limeguswa, hili halijaguswa.

Halijaguswa bado jina lake kwenye orodha ya waliofukuzwa.
Simu yake haipatikani. Wanasema yuko Geita, anabeba mawe.
Dada yake anakaanga mihogo Mkuyuni;
nilimpelekea ripoti, kurasa kumi na tisa.
Alisoma ule ukurasa wenye zile saa tatu,
akafuta mafuta vidoleni, akausoma tena.
"Kwa hiyo aliwaita," alisema.
Kisha: "Hii inalipa mishahara ya miezi mingapi?"
Sikuwa na jibu.
Akaikunja mara nne, akaiweka chini ya kopo la chumvi,
akageuza mihogo.