Ukurasa wa Kumi na Nne

Kitabu kilikuja na barua ya kutiwa sahihi mara tatu,
na kishikwambi kimoja kwa watoto hamsini na mmoja.
Nilipangusa kioo kwa ncha ya leso,
nikakielekeza kwenye ukurasa wa kumi na nne,
penye picha ya mbegu ya haragwe, bapa, ya wino,
na mbegu ikapasuka.

Sitasema uongo, nilishtuka kabla yao.
Mzizi ulishuka ukapenya meza,
ukapita pale Mwendwa alipochonga jina lake kwa kompasi.
Shina likapanda hadi kidevuni kwangu,
na ndani ya jani, tulipolivuta kwa vidole viwili,
maji yalikuwa yakipanda ngazi
kama akina mama wa Huruma siku ya mgao,
ghorofa ya saba, mtungi mkononi, bila kutua.

Miaka kumi na sita nimechora jani kwa chaki,
nikatia mishale, nikasema "maji hupanda",
nao wakanakili mishale.
Leo Kwamboka alisimama juu ya kiti akauliza,
"Mwalimu, yakifika juu, yanamlipa nani?"

Halafu mmea ukaanza kunyauka, ndivyo ulivyotengenezwa,
na sauti ya mwanamke asiye na kwao
ikasema: Mmea wako una kiu.

Ekiru hakungoja.
Alifungua chupa yake ya maji, ile ya kutwa nzima,
akaimimina yote ukurasani.

Nilipiga kelele. Niliyoyasema siyaandiki hapa.
Niliziona zile sahihi tatu, na ya kwanza ni yangu.
Yeye alisimama na chupa tupu,
hanitazami mimi, anatazama kioo,
aone kama jani limeinuka.

Tulikianika kitabu dirishani, kikakauka kwa mikunjo.
Tangu hapo kamera haiutambui ukurasa wa kumi na nne.
Duara dogo huzunguka, huzunguka,
kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Jumatano Ekiru alikuja na mkebe wa mafuta ya kupikia,
na mbegu tatu alizochopoa mamake akipepeta.
Udongo, kwetu huku kwa saruji, si wa kuokota tu.
Aliukwangua ukingoni mwa Gitathuru,
ukaja na kifuniko cha soda na jino la kitana.

Siku ya kwanza waliuelekezea kishikwambi.
Hakuna.
Siku ya tatu, hakuna.
Siku ya tano Ekiru aliugonga udongo kwa kidole,
mara mbili, taratibu, kama anafungua picha.
Wenzake wakaanza kucheka.
"Haijaharibika," akawaambia. "Inalodi."

Niligeukia ubao, nikafuta mahali palipokuwa safi.

Siku ya tisa, kabla ya kengele,
kitu kilitokeza kimepinda, shingo mbele,
kama mtu anayetoka uvunguni,
ganda bado limemkaa kichwani.
Hakikuja na muziki. Hakikunyooka
hadi saa nane mchana, na hapo pia nusu nusu.

Zile mbegu mbili nyingine hazikuota.
Ekiru alizifukua. Moja ilikuwa imeoza,
akainusa, akakunja uso kwa furaha,
akaipitisha darasa zima.
Hamsini na mmoja wakanusa. Mimi nikawa wa mwisho.

Harufu ile kitabuni haimo.
Lakini na mkebe nao hauna zile ngazi,
na jana Mwendwa aliinamia jani la kwanza,
jicho moja kalifumba, anazitafuta.

Basi nimeviweka pamoja dirishani:
kitabu chenye mikunjo, mkebe wenye kutu,
kishikwambi kikiwa na chaji asilimia kumi na moja.
Zamu ya kumwagilia ni ya Kwamboka.
Anasema bei yake ni shilingi tano kwa mtungi,
ila anamkopesha haragwe hadi likue.