Andika: Alisimama

Mimi kazi yangu ni kushika ncha ya futi.
Mkude anaita, naandika:
wayo, sentimita sabini na mbili;
hatua, mita mbili na robo.
"Zidisha wayo kwa nne, upate nyonga."
Nazidisha kwenye kiganja. Nyonga inapita
kizingiti cha zahanati ya Mipingo.

Masika yamelifukua korongo hadi kwenye jiwe,
na jiwe, zamani, lilikuwa tope.

Mifupa ya huku ilikwisha ondoka.
Ilibebwa vichwani siku nne hadi Lindi,
ikavuka maji, ikasimamishwa kwa vyuma ugenini.
Mfupa husema: nilifia hapa.
Wayo haujui kufa. Wayo unakwenda.

Somoe Nandonde amekuja kuona
ni akina nani hawa kando ya ufuta wake.
Usiku hupiga debe kufukuza tembo;
asubuhi huwasoma: walikuwa wangapi,
nani ana mimba, nani aliondoka na hasira.
Anavua ndara. Anachuchumaa.
Futi haigusi.

"Huyu mkubwa hakukimbia. Akimbiaye
huchota udongo kwa vidole, akautupa nyuma."
Anasogea. "Na huyu mdogo je?"
Wayo kama sahani ndani ya wayo kama sinia.
"Alipita baadaye," anasema Mkude.
"Baada ya saa au baada ya mwezi, jiwe halisemi."

Somoe anapitisha kidole ukingoni.
"Linasema. Tope lingekuwa limekauka, lingepasuka.
Hili limebonyea tu, kama ugali.
Mtoto alikuwa nyuma palepale.
Tena mguu ulikuwa ukimuuma:
ndefu, fupi. Ndefu, fupi. Hesabuni."

Nahesabu.
Ndefu,
fupi.

Hatua kumi na moja mbele
nyayo za mkubwa zinaacha kupishana:
mbili, sambamba,
zimezama kuliko zote.

"Alimsubiri," nasema, kalamu tayari.
Mkude anafuta miwani kwa shati, muda mrefu.
"Moyo wake hatukuupima.
Andika: alisimama."

Naandika: alisimama.

Jioni tunapanda kurudi, gunia la plasta begani mwangu,
goti langu lile lile limeanza maneno.
Wenzangu wamekwisha ishia kwenye mikorosho.
Penye kona, katika tope la leo,
Somoe yupo, mgongo kwangu,
ndara zake mbili sambamba, zinazama kidogo kidogo.
Simuulizi anafanya nini.