Tone la Tatu

Tuliufuata mwavuli Szczecin, mwezi wa pili,
mimi na Halszka, kwa lori la kuazima
lililonuka dizeli na viazi.
Jengo lilikuwa limeshabomolewa nusu:
ngazi zilipanda, zikafika hewani, zikakoma.
Lakini juu ya mlango, kwa skrubu nne za kutu,
mwavuli ulikuwa bado umefunguliwa,
na chini yake matone matatu ya kioo, yamezimika.

"Polepole," Halszka akasema. "Kioo hiki ni rika langu."
Mtu alikilainisha kwa moto wa gesi,
akakipuliza kwa kinywa kisisinyae kwenye kona,
kisha pumzi yake ikafyonzwa yote kwa pampu.
Hakubaki mle ndani. Ilibaki kona tu.

Tukauvika mablanketi, godoro la mtoto, na koti langu.
Kilomita mia tatu nilitetemeka kama transfoma mbovu.

Ghala lake zamani lilikuwa la viazisukari.
Sasa mna kuku mwekundu wa duka la mayai,
kiatu chenye hatua mbili, ya kushoto haiwaki,
na herufi K, kubwa kuliko mlango,
ambayo hatujui ilianza neno gani.
Halszka ameifuta vumbi miaka kumi na mmoja
kama mtu anayemtunza mgeni asiyetaja jina.

Alikuwa kondakta wa tramu. Usiku wa ukungu,
madirisha yamejaa mvuke wa makoti ya watu,
hakuona kibao cha kituo hata kimoja;
aliona rangi. Akaita: "Kuku! Wa kuku washuke!"
Na watu wakashuka mahali pao.
"Taa hizi zilinionyesha nilipo," huniambia,
"nami nizitupe jalalani?"

Watu huziita zote neoni. Wanakosea.
Neoni ni ile nyekundu, nyekundu ya kaa linalopepewa.
Buluu ni agoni na chembe ya zebaki,
na buluu haipendi baridi: hununa,
hufifia, hutaka kubembelezwa hadi ipate joto.
Ndiyo maana Gniewko, mwenye miaka themanini na mmoja,
alilifanyia kazi tone la tatu kando ya jiko.
Siku tisa. Mirija mitatu ilipasuka.
Wa nne ukakubali.

Tukamwalika Bi Wisława, binti wa fundi miavuli.
Akaja na theluji mabegani,
mwavuli kwapani, haujafunguliwa.
Tukawasha. Moja. Mbili. Tatu.
"Hilo la tatu," akauliza, "ni la nani?"

Hakuna aliyejibu.
"Lilipigwa jiwe kabla sijaota meno ya pili,
na baba hakuwa na fedha. Mtaa mzima ulihesabu hivi:
moja, mbili, giza. Tuliruka kamba kwa mdundo huo.
Kwenye giza ndipo tulipokuwa hewani."

Gniewko akaitazama mikono yake.
Halszka akasema taa si kaburi, taa huwaka;
akasema kwa sauti ile ya kondakta, kisha akanyamaza,
akaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Jumamosi, kwa wenye tiketi, matone yote huanguka.
Lakini nyuma ya sanduku, chini ya nyaya,
mzee aliacha swichi ndogo, ya kidole kimoja,
wala hakumwambia mtu;
niliikuta nikitoa kiota cha panya.
Bi Wisława akija, napita nyuma kimya kimya.
Moja.
Mbili.

Jana nilichungulia kwenye upenyo:
transfoma inavuma, uso wake hauna rangi yoyote,
na kisigino cha kiatu chake kizito cha baridi
kimeachana na sakafu.