Kikaratasi Kitupu

Mama alikata kalenda ya kanisa, ya mwaka uliokwisha,
vipande vyembamba kama vidole:
upande huu tarehe, upande ule weupe.
"Kila Jumapili jioni, kabla ya sala,
mtu amwandikie mwenzake wa nyumba hii
jambo moja alilomtendea.
Moja. Si hotuba."
Akaweka mezani kopo la mafuta ya kupikia,
nembo imekwanguka kwa kuoshwa,
na kalamu moja ya Biki
tuliyopokezana kama kapu la sadaka.

Nyumba yetu ya Jericho, vyumba viwili,
ukuta mwembamba hata jirani akipiga chafya
tunamwambia, "Afya!"

Mghanga, miaka saba, aliandika akitoa ulimi:
ASATE MAMA KWA KUNIFUGA VIATU.
Tukacheka. Kumbe mtoto ni kuku!
Mama hakusahihisha.
"Si uongo," akasema. "Nimekufuga."

Baba aliandika polepole.
Mikono ya kiwanda cha magodoro
ilishika kalamu kama mtu ashikaye yai:
"Mkawasi, asante. Jumanne tokeni zilipokwisha
hukuniuliza mshahara.
Uliniuliza mshumaa uko wapi."
Mama alisoma, akainuka, akaenda kuangalia chai
ambayo ilikuwa imeshaiva.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita.
"Asante kwa chakula," niliandika, wiki tatu mfululizo,
mpaka Mama akaniambia, chakula kina jina, Wakesho,
leo kinaitwa ndengu.

Kisha kiwanda kikafunga lango.
Nikarudishwa kutoka bweni na sanduku langu,
karo haijatimia,
nikapita mbele ya madirisha ya darasa
nikijua nani ananitazama.
Jumapili ile nilikunja kikaratasi bila kuandika kitu,
nikakitumbukiza koponi.
Mungu naye akisome hicho.

Baba ndiye aliyekitoa.
Akakifunua.
Akakigeuza: Septemba, tarehe kumi na nne,
ibada ya Umoja wa Akina Mama.
Akakigeuza tena.
Weupe.
Mghanga akauliza, "Kinasemaje?"
Baba akakikunja, akakitia mfuko wa shati,
akasema, "Tuombe,"
na katika sala ile hakunitaja.
Nilisubiri anitaje. Nilikuwa nimeshaandaa jibu.

Leo, miaka kumi na tisa baadaye,
amekaa kwenye benchi la kliniki ya macho, barabara ya Ngong,
mtoto wa jicho ameziba dunia yake kama maziwa.
"Kadi iko ndani ya Biblia," ananiambia,
"pale Zaburi zinapokwisha."
Nafungua. Kadi ipo.
Na nyuma yake, kipande chembamba kama kidole,
Septemba, kumi na nne,
na upande niliouacha mweupe
mwandiko wa penseli, umefifia, umeinama kulia:

"Wakesho. Ana hasira nyingi.
Lakini amekaa mezani nasi.
Asante, Bwana, amekaa."

Nesi anaita majina. Bado si letu.
Baba amegeuza uso kuelekea dirishani,
anasikiliza mvua ya Aprili ikipiga mabati,
anauliza kama nimeiona kadi.
Nimeiona, Baba.

Nikaazima kalamu kwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.
Kesho watamfungua bandeji.
Nikaandika chini ya penseli yake, herufi kubwa
kama za Mghanga enzi zile, ili azisome bila kukaza macho:
ASANTE HUKUULIZA.
Wino ukakatika katikati ya neno la pili.
Nikapuliza ncha, nikaisugua kiganjani,
nikarudia juu yake, nikikandamiza,
mpaka herufi zikatokeza upande wa pili,
zikaivimbisha tarehe.