Tanuru la Onzima

Jumanne tulikuwa tuwashe tanuru.
Kuni za mkalitusi zimeshapangwa, udongo umeshakandikwa,
matofali elfu sita ya kaka yangu Onzima
yakingoja moto kama watoto wa shule wanavyongoja uji.
Yeye kiberiti mkononi.
Letasi, mjukuu wangu, akainama kwenye mdomo wa tanuru:
"Bibi, humu ndani kuna kitu kinapiga chafya."

Watatu.
Kila mmoja ukubwa wa gunzi la hindi changa,
macho hayajafunguka,
na mgongoni mistari minne myeupe, myembamba,
kama chokaa ya fundi asiye na haraka.
Mama yao tulimjua. Tangu Jumapili
alikuwa amelala kwenye barabara ya Vurra,
lori la mihogo limempita juu,
na harufu yake iliingia kanisani kabla ya padri.

Onzima akasema, "Kicheche!" Akatema mate.
Jina hilo wanaume humvika mwanamke
anayesema sana, au anayechelewa kurudi.
Mimi nimelivaa. Halinibani tena.

Nikavua kitenge cha juu, nikawafunga.
Nikamwambia: tofali haliozi, litangoja.
Akapiga hesabu kwa sauti:
kuni, vibarua wanne, mvua ya Aprili.
Nikamwacha ahesabu.

Maziwa ya mbuzi, vuguvugu,
kwa bomba la sindano lisilo na sindano
tulilopewa na Ezati, daktari wa mifugo.
Tone. Halafu tone. Halafu subira.
Chupa ya maji moto ndani ya soksi ya marehemu mume wangu.
Saa nane za usiku, na tena saa kumi,
niliwapangusa matumbo kwa pamba yenye maji
iwe ulimi wa mama,
maana bila ulimi hawajui hata kukojoa.

Mdogo wao alikufa Alhamisi.
Hakulia. Aliacha tu kunyonya,
kama anayejaribu kukumbuka jambo.
Letasi alimzika kwenye kopo la majani ya chai.

Wawili wakakua, na harufu ikakua nao.
Sokoni Arua wanawake waliniachia benchi zima.
Kwenye kikundi cha akiba, mweka hazina
alipokea hela yangu kwa jani la mgomba.
Nilicheka.
Nilikuwa na umri wa Letasi mwaka ule wa kukimbia,
tulipovukia Kongo na siku tisa za jasho,
na mavi ya mdogo wangu yamekauka mgongoni mwangu.
Mwanamke mmoja, lugha yake sikuijua,
alifungua mlango, akavuta pumzi
(nilimwona akivuta, nilimwona akiizuia)
kisha akaenda kuteleka maji.
Simjui jina. Sikuwahi kumshukuru kwa lugha yoyote.

Afisa wa wanyamapori alisema kwenye simu:
"Msiwape majina."
Letasi akajibu sawa,
kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwapa.
Tukawafundisha panzi, kumbikumbi,
panya mmoja wa ghalani.
Jumapili moja mkubwa alimwinulia Onzima mkia.
Suruali ile ya kanisani mpaka leo
inaning'inia mtini, peke yake.

Mwezi wa sita tukawapeleka kwenye shamba la ufuta,
jua limeshazama.
Kikapu tukakilaza ubavu.
Wa kwanza alitoka, hakugeuka.
Wa pili alitoka, akarudi,
akaninusa kidole gumba cha mguu, kwa muda,
akaenda.

Siku hizi Onzima ana tanuru jingine.
Kabla ya kuwasha hupiga magoti,
huingiza kichwa kizima mdomoni mwake,
hutulia.
Ukimuuliza, atasema anakagua unyevu.