Fundi Bomba na Kidonda Ndugu

Alhamisi, saa nne asubuhi. Theluji ya Lublin imeganda ngazini.
Napanda hadi ghorofa ya nne na begi langu la bandeji.
Bwana Ignacy ameshakunja suruali,
mguu juu ya stuli, gazeti chini ya kisigino,
kama mtu anayesubiri kupigwa kiwi.

Miezi kumi na minne.
Juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani,
upana wa kifuniko cha chupa ya haradali.
Hakikui. Hakiponi.
Kidonda ndugu: kimehamia, kinakula humu humu,
kimekosa tu jina lake mlangoni.

Nafungua bandeji. Nyama inang'aa vibaya,
ina utando, kama wa maziwa yaliyopoa.
"Maabara wamesema nini?"
"Wamesema hakikuota kitu."
Anacheka mpaka kikohozi kinamshika.

"Binti, miaka arobaini na mmoja nimefungua mabomba ya mji huu.
Maji yakipimwa, safi.
Likate bomba lenyewe, ingiza kidole:
ute. Ute umeshika ukuta.
Wanaoelea ndio wanaokamatwa.
Waliojenga, utawapata wapi kwa glasi ya maji?"

Tumempa vidonge duru tatu.
Dawa ilipita juu yao kama mvua juu ya bati.
Na wale wa ndani kabisa wamelala,
hawali, hawazai,
na dawa humuua anayekula.
Umoja ni nguvu, sawa,
ila methali haichagui wa kumtumikia.

Askari wa damu yake wanafika kila siku, waaminifu.
Hawawezi kuumeza ukuta,
basi wanamwaga tindikali yao pale pale mlangoni,
na nyumba inayoungua ni ya mwenyeji.

"Kwangua," anasema.
Nachukua kijiko chenye makali.
"Kwangua, Halszka! Klorini bila brashi ni harufu tu."
Anaukodolea macho ukutani, kwenye kalenda ya duka la vifaa,
vidole vimeuma ukingo wa stuli.
Utando unatoka vipande vipande, wa kijivu,
halafu chini yake, polepole, damu.
Nyekundu. Sijawahi kufurahia damu hivi.

Nikamwambia ukweli: siku mbili, labda tatu,
watakuwa wamejenga tena.
Mlango uko wazi sasa hivi; dawa iingie sasa hivi.
"Basi unarudi Jumamosi," akasema, kama anayepanga kazi ya mteja.
Jumamosi silipwi.

Usiku, mbele ya kioo, kabla ya mswaki,
ulimi wangu ukapita nyuma ya meno ya chini
ukakuta utelezi.
Nikasimama kidogo. Habari zenu, nikawaambia.
Nikapiga mswaki mpaka fizi zikatoa damu.

Jumamosi nilipanda.
Alikuwa amekunja suruali.