Kwa Fundi Mchiwa, Mara ya Nne

Kwako inawaka.
Ndiyo kesi yangu, Mchiwa, na sina shahidi.
Pikapu ikiburutwa hadi Kizota kwa kamba ya katani,
nyuma ya trekta la Mzee Sogodi,
kama ng'ombe aliyeshajua njia ya mnadani,
wewe ukiugusa tu ufunguo, inanguruma,
na vijana wako wanacheka chini ya turubai:
"Mama, gari hii haiumwi. Inakuogopa wewe."

Nyumbani Nkuhungu, saa kumi na moja alfajiri,
upepo wa Julai unanikata masikio,
matenga ya zabibu yananingoja Mpunguzi.
Nazungusha: tk.
Nazungusha: tk.
Sauti ya mtu anayekataa kwa ulimi
bila kuinua kichwa.

Mara ya kwanza ulisema betri.
Nikauza mbuzi wawili, nikakuletea betri
nzito, nyeusi, bado inanukia duka.
Mara ya pili, plagi. Mara ya tatu, stata;
ukaipasua mezani kama kuku wa Krismasi,
ukanionyesha kipande kilicholika,
nami nikaitikia kama ninayeelewa,
maana mjane akiuliza sana gereji
bei hupanda.

"Kesho, mama." Kesho yako naijua.
Ni mvua ya Ugogoni:
wingu lipo, harufu ipo,
tone linaangukia kwa jirani.

Basi jana sikuivuta. Nilikuja kwa miguu,
nikakaa juu ya tairi lako bovu,
nikasema, njoo uiguse inapolala,
kabla jua halijaipasha mwili
ikaanza kusema uongo.
Ukajikuna kidevu kwa bisibisi.

Na ukaja. Sikutegemea.
Kwa baiskeli, koti la suti juu ya ovaroli,
kuku wa Nkuhungu bado wamefumba macho.
Hukuomba ufunguo. Ulijilaza chali kwenye changarawe,
tochi mdomoni,
ukakaa kimya muda wa chai kuchemka.
Kisha, kutoka uvunguni:
"Mama. Nani alifunga hapa?"

Waya wa ethi, mnene kama kidole gumba,
umelika nusu, umeota kutu ya kijani,
na juu yake, mafundo matatu,
kipande cha khanga.
Njano. Vidoti vyeusi. Pindoni herufi chache:
JIRANI M—

Khanga yangu.
Ile niliyoapa imeliwa na mbuzi wa Sogodi,
mzee wa watu akanilipa elfu tatu bila neno.

Lameki, kumbe.
Kumbe ndiyo maana kanisani uliegesha juu kabisa,
msibani ukatafuta kilima,
sokoni pua ya gari ikatazama bondeni,
nami nikidhani ni mikogo ya mwenye gari.
Kumbe ulikuwa unaiachia ishuke yenyewe, gia ya pili,
ukijifanya umewasha,
ukaficha ugonjwa wake
kama ulivyokificha kikohozi chako nyuma ya redio.

Mchiwa akatoka, mgongo wote vumbi.
"Waya mpya, elfu nane."
"Tano."
"Mama, ile betri..." Akaishia hapo.
Akaitazama betri, akayatazama matairi,
akatazama kila kitu ila mimi.
"Sita," nikasema, "na chai."

Akakata waya wa zamani kwa koleo.
"Na hiki kitambaa, nitupe?"
Nikanyoosha kiganja.

Siku hizi inawaka. Tk haipo.
Hata hivyo naiegesha kwenye mteremko,
mkono wenyewe unaupenda.

Jumapili nilipita kwa Mzee Sogodi na elfu tatu.
Akauliza za nini.
Nikamwambia, za mbuzi.